Maganda

Nakizamisha kidole gumba juu ya kifundo cha mguu,
nakitoa. Shimo limebaki,
kama unyayo wa mtu aliyekanyaga tope la ziwani akaenda zake.
Nahesabu. Kumi na tisa, ishirini. Bado lipo.

Mwaka wa sita nasimama kwenye saruji yenye maji,
buti nyeupe, kisu, barafu.
Sangara anapita: mnofu huku, unapanda ndege,
mfupa kule, unarudi mtaani kuitwa panki.
Kiti ni kimoja, cha msimamizi.

Masalu wa duka la dawa, pale Igogo,
hakushtuka nilipopandisha gauni hadi gotini.
Damu kushuka ni rahisi, alisema. Kupanda ndiyo kazi.
Humo ndani mna vilango,
damu ikishapita vinajifunga, isirudi.
Vyako vimelegea, kama mlango wa choo cha wapangaji.

Nilimwelewa upesi kuliko alivyodhani.
Naishi Mabatini, juu mawemaweni.
Nimepandisha ndoo pale tangu Nyanzala yumo tumboni:
jiwe la kwanza, unatua, unahema,
la pili, unatua.
Pasingekuwa na pa kutua, maji yote yangebaki bondeni.

Akaweka pakiti mezani. Vidonge vya rangi ya mchanga.
Vimetoka kwenye maganda ya machungwa, alisema.

Maganda!
Miaka mitatu nimeuza machungwa stendi ya Buhongwa,
nikiyamenya kwa wembe, ganda likishuka utepe mmoja bila kukatika,
na rundo lote nikiwaachia mbuzi.
Sijaona mbuzi aliyevimba miguu.
Nikamwambia. Hapo ndipo alipocheka.

Lakini sikuapii, alisema. Wengine huwafaa, wengine wapi.
Ukivimba mguu mmoja ghafla, ukauma,
usije kwangu, kimbilia Bugando.
Na kila siku inua miguu, ipite moyo.

Jumapili. Nimelala chali uani,
visigino juu ya jiwe lenye joto la mchana.
Nyanzala amesimama na sufuria, amenikodolea:
hajawahi kuniona nimelala jua likiwaka.
Mama, unaumwa?
Weka sufuria. Bonyeza hapa. Hesabu.

Anahesabu kwa sauti ya darasani,
kumi na moja, kumi na mbili,
shimo linajaa taratibu, kama halitaki.
Sijui ni kidonge, sijui ni jiwe.
Haya, namwambia, na mguu wa pili.