Mstari Mmoja

Nkuhungu, saa nane usiku.
Upepo unasukuma vumbi chini ya mlango.
Ndahani habonyezi tena vitufe kumi na saba:
jenga, fungasha, tia sahihi, nakili,
kisha bodaboda hadi Hombolo,
flashi mfukoni kama dawa ya mgonjwa.

Kaandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi.
Enta.
Herufi zikamiminika zenyewe,
programu ya kupimia zabibu ikajifunga mzigo,
ikajigonga muhuri,
ikaondoka bila kuaga.

Asubuhi karani wa mizani kapiga simu:
toleo jipya limefika,
ile nusu kilo iliyokuwa ikipotea kila kreti
imerudi.
"Ila wewe mbona hujaja?
Mama Chilongola kakuwekea kichala.
Kinanyauka."