Uzito Nisiouona

Desemba, Kibosho. Umeme umekatika tena,
kompyuta imebakiza asilimia tisa.
Kwenye kioo, kundi la galaksi mia mbili na sita,
madoa hafifu, kama pumba chini ya sufuria nyeusi.
Nuru hii ilianza safari Kibo haijawa mlima.

Mwaka mzima nimepima kasi zao.
Zinakimbia mno. Kwa uzito ninaouona
zilipaswa kutawanyika zamani, kila moja kivyake.
Hazitawanyiki.
Msimamizi wangu kaandika pembeni, kwa wino mwekundu:
Nini kinazishika?

Nje magari yanapanda kwa kuteleza:
Elinami katoka Kahama, Aikande Tunduma na mapacha,
na baba mdogo Ndekirwa, asiyesemezana na baba
tangu kesi ya mpaka wa kihamba.
Tayari wanabishania ini la mbuzi
ambaye bado anatafuna majani.

Hakuna aliyewaita.
Nyuma ya jiko, kati ya migomba,
bibi amelala bila jiwe, bila jina,
masale mawili tu, upande wa kichwa.

Kompyuta imezima.
Swali sijalijibu.
Mama ananiita nikashike tochi.