Mizani ya Tugriki Mia Mbili

Nje ya duka la dawa, kituo cha tatu kutoka shuleni,
Oyunbileg hutandika gunia juu ya barafu,
juu ya gunia huweka mizani ya bafuni,
kando yake kipande cha kadibodi:
PIMA UZITO, TUGRIKI MIA MBILI.

Nilikuwa mteja wake wa kila siku.
Nilivua koti Ulaanbaatar nzima ikitetemeka,
nikamkabidhi begi la vitabu, nikapanda.
Hamsini na nane nukta nne.
Jana ilikuwa nukta moja.
Hizo gramu mia tatu nilitembea nazo kutwa
kama kokoto ndani ya buti.

Usiniulize nilikuwa nakula nini.
Asubuhi, hewa.
Mama hutoka alfajiri kwenda kuendesha trolibasi,
huniachia chupa ya chai ya maziwa na chumvi;
naye akirudi huikuta palepale, imepoa, imejaa.
Mchana, chingamu.
Saa kumi na mbili mpira wa wavu,
magoti yangu ya ndama aliyezaliwa leo.
Saa mbili, masomo ya ziada ya fizikia.
Saa nne usiku ndipo njaa iliponijia
kama mdai aliyezungushwa tangu asubuhi:
tambi za kikombe, viwili,
soseji baridi, biskuti, nusu mkate,
nikila nimesimama, friji wazi,
taa yake ndogo ikinitazama.
Kesho yake, tena kwa Oyunbileg,
kuungama kwa nyayo.

Jumatano moja ya Januari
(nyuzi thelathini chini ya sifuri, kope zinagandana)
Oyunbileg alishikwa na tumbo.
"Nishikie kidogo, Tselmun," akasema, akakimbia.
Kidogo chake kikawa saa nzima.

Akaja mwanamieleka, masikio yamevimba kama uyoga.
Akasoma namba, akanuna:
kilo mbili zimemtoroka, na mashindano ni mwezi ujao.
Akaja mama mjamzito, tumbo limetangulia, namba haioni.
"Nisomee, binti."
Nikamsomea. Akacheka
hadi mvuke wa kicheko ukamfunika uso.
Kisha mume na mke kutoka hospitali,
mume ndani ya koti lililokuwa lake zamani.
Mke akainama, akasoma, hakutamka kitu.
Akamfunga mumewe kifungo cha juu.
"Wiki ijayo tutarudi," akaniambia mimi,
kama kwamba mimi ndiye niliyepanga.
"Huenda itapanda."

Huenda itapanda.
Neno nililolikimbia miezi mitano,
mtu analiombea dua.

Oyunbileg aliporudi alifungua chupa ya supu:
kondoo, karoti, viazi, vitunguu vilivyolainika.
Akanimiminia kwenye kifuniko.
Nikatazama mizani. Akaniona nikiitazama.
"Hiyo? Kwenye baridi kali huongeza," akasema.
Akafikiri. "Au hupunguza. Sikumbuki.
Kunywa, inapoa."

Nikanywa. Sikuona mwanga wowote.
Nilihisi vidole vya miguu vikirudi, kimoja kimoja,
na kwenye mpira wa wavu jioni ile
niliruka, nikaugusa mpira ambao wiki nzima
ulikuwa ukinipita juu ya kichwa.

Siku hizi mama huikuta chupa tupu.
Yai moja nalimenya ndani ya basi, maganda mfukoni;
karoti mbili hulala begini ubavuni mwa kikokotoo,
saa kumi nazitafuna, kru, kru, wenzangu wanacheka.
Tambi bado nazipenda. Ijumaa nakula, nimeketi, kikombe kimoja.
Kuna usiku ambapo friji huniita kwa jina
na mimi huitika.

Jana nilipita kwa Oyunbileg, nikatoa mia mbili.
Akanyoosha mikono apokee begi, kama kawaida.
Nikaliweka begi juu ya mizani,
mimi nikabaki chini.
Kilo saba na nusu.
"Huyu," Oyunbileg akasema, "huyu ndiye apunguze."
Nikatoa kamusi.