Kilo Sita na Robo

Ekisa alianza na madigadi.
Spana namba kumi, mate kidogo kwenye kutu,
na bati la nyuma likaachia
likilia kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.
"Mama Asekenye," akasema, "hii si baiskeli.
Hiki ni kitanda chenye magurudumu."
Nikacheka, maana ni kweli.
Goti langu la kulia likacheka kwa namna yake.

Miaka ishirini na sita nimeikanyaga nyeusi hii
kutoka Arapai hadi Gweri, kasha la chanjo nyuma,
barafu ikigongana ndani,
nikihesabu vijiji kwa maumivu:
hapa paja, hapa kiuno,
na hapa penye mchanga nashuka, nasukuma,
najifanya nimeshuka kusalimia watu.

Nikadunduliza. Posho ya kampeni ya surua,
mbuzi mmoja, na pesa za karanga
ambazo sikumwambia mtu.
Rimu za alumini. Tairi nyembamba, ila si nyembamba sana,
barabara yetu haina adabu hiyo.
Gia tatu. Ekisa alitaka saba;
nikamwambia mimi nina mwendo wa aina tatu tu:
wa kwenda, wa kurudi, na wa mtoto anayedegedeka.
Tandiko pana, laini, linalobonyea kama unga uliokandwa.
Usukani uliopindwa kunijia,
nisiendeshe tena nimeinama
kama mtu anayeomba radhi.

Kila alichofungua alikitupa guniani:
kava la cheni, stendi ya miguu miwili, rimu za chuma.
Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani ya ndoano,
ndugu yake ile ninayoning'inizia watoto kliniki.
Kilo sita na robo.
Pima tena, nikasema. Akapima.
Kilo sita na robo:
mtoto wa miezi mitano, anayenyonya vizuri.
Nimembeba miaka yote hiyo
na hakuwahi kukua.

Kisha mkono wa Ekisa ukagusa keria.
"Hiyo subiri."
"Mama, hiyo ndiyo nzito kuliko zote."

Najua. Okwalinga aliichomelea mwenyewe
kwa nondo zilizobaki za jengo la shule.
Juu yake, na gunia lililokunjwa mara nne,
alinileta kutoka Kumi nikiwa bi harusi,
tukavuka Awoja, mafunjo yakitupungia pande zote,
nami nikimshika kiunoni kwa vidole viwili, kwa haya.
Juu yake nilimpeleka hospitali
nimemfunga kwangu kwa kanga asianguke,
mgongo wangu ukiungua kwa homa yake.
Juu yake nilirudi na viatu vyake.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Ekisa ana miaka kumi na tisa; sikumweleza.
Nilisema tu, "Ifungue. Lakini si ya gunia."

Jioni nikapanda.
Jamani.
Mguu ukasukuma ukitarajia ule ubishi wa zamani
na ubishi haukuwepo.
Mwamba wa Soroti ukarudi nyuma yangu upesi,
mchanga ukapita chini bila kudai salamu,
upepo ukaingia kwenye mikono ya gauni
kama mgeni asiyebisha hodi.

Ile ya zamani ilijua nyumbani. Ungeacha kukanyaga
penye mti wa mwisho wa michungwa,
nayo ingejifia yenyewe, taratibu, mbele ya mlango.
Nikaacha kukanyaga palepale.
Nikaupita mlango.
Nikapita banda la mbuzi, nikapita kwa jirani,
nikasimama kisimani katikati ya madumu ya njano
ambapo Apolot aliniuliza, "Unakwenda wapi tena, saa hizi?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nacheka,
na machozi, ndiyo, ya upepo.

Keria nimeiegemeza ukutani, nyuma ya jiko.
Nilidhani nitaipaka rangi.
Kuku mwekundu amekwisha kutandika majani juu yake.
Juzi mayai matatu. Leo manne.
Nondo hazijalegea hata kidogo.