Mdomo kwa Sikio

Shaba ina ukomo wake: mita mia.
Kutoka masjala hadi maabara, hapa Sikonge,
nilipima kwa hatua, kisha kwa futi kamba:
mia tatu na arobaini,
kupita jiko la wagonjwa, kupita mashuka yaliyoanikwa,
na ule mninga uliopasuliwa na radi mwezi Machi,
siku ileile zilipokufa swichi mbili na printa.

Waya wa kwanza aliuvuta Mihayo.
Aliuunga njiani mara tatu,
kila kiungo akakizungushia nailoni.
Radi ikaupenda waya ule,
ikaufuata mpaka mezani.
Tangu hapo majibu ya damu yalikwenda kwa miguu,
kwapani mwa Kalunde, mfagizi,
na masika wino ulichuruzika.

Basi tukachimba mtaro, mimi na vijana wawili
waliotoka kukausha tumbaku,
vidole bado vyeusi kwa gundi ya majani.
Tukalaza uzi wa kioo ndani ya bomba.
Kioo hakina habari na radi.
Kinachopita humo ni mwanga,
mwanga ambao jicho haliuoni
ila wao wanaweza kulichoma.
Msichungulie, nikawaambia.
Wakachungulia.
Bahati yao, sijawasha.

Kila ncha nikaweka kigeuzi,
kisanduku cha bati, kimo cha pakiti ya majani ya chai.
Upande huu kinausikia umeme wa shaba,
upande ule kinausema upya kwa mwanga.
Hakitii chumvi.
Hakiulizi mgonjwa mwana wa nani.

Nikawasha.
Taa ya umeme, kijani.
Taa ya shaba, kijani.
Taa ya kioo, giza.
Nikakimbia maabara: giza.
Nikafuta ncha kwa spiriti, nikabadili adapta,
nikamlaani muuzaji wa Tabora mjini pamoja na risiti yake.
Jua likahamia upande wa pili wa paa.

Kalunde alikuwa ameegemea fagio.
Ndiye huwasemea bibi wa Kinyamwezi kwa daktari,
na daktari, mtu wa Newala, kwa bibi.
"Siku yangu ya kwanza," akasema,
"daktari anaongea, bibi anaongea,
wote kwa mpigo, mimi katikati.
Siku ile hakutibiwa mtu."
Akaendelea na vumbi lake.

Nikazitazama nyuzi, ya buluu na ya chungwa.
Mdomo wa huku niliuelekeza kwenye mdomo wa kule,
sikio likatega sikio.
Visanduku viwili vikipayuka tangu asubuhi,
hakuna anayemsikia mwenzake.
Nikazipisha nafasi zao, upande mmoja tu,
nawe ukibadili pande zote mbili umerudi ulikotoka.

Taa ikakonyeza. Ikakonyeza tena.

Jibu la kwanza kuvuka lilikuwa la mtoto kutoka Tutuo:
hana vijidudu.
Kalunde alifika kulichukua, kwa mazoea,
akakuta limeshatangulia.
Akasimama mlangoni, mikono mitupu,
kama aliyesahau alichotumwa.

Bibi wa mtoto akakodolea kompyuta,
akakodolea daktari,
kisha akamgeukia yeye,
akauliza kwa Kinyamwezi:
hicho kioo kinasemaje?