Kiingilio

Hati ya kiwanja ilikuwa bado iko kwa mkubwa,
mkubwa alikuwa semina, semina ilikuwa Morogoro,
basi tukabaki na jioni nzima mikononi, mimi na wifi Nyemo,
kama watu waliorudishiwa chenji wasiyoitegemea.
"Kuliko kurudi Mpwapwa na vumbi tu," akasema,
"twende tukaone watu wakijifanya watu wengine."

Ukutani kwa muuza vifaa vya umeme, Barabara ya Saba,
mabango matatu, moja limebanduka pembe.
Upepo wa Dodoma haujui kusoma
lakini hakuna karatasi usiyoipitia.
La kwanza vichekesho: mama mkwe na friji lisilozimika.
La pili wanafunzi wa chuo: mfalme asiyepata usingizi,
saa tatu mfululizo, bila mapumziko.
La tatu njaa, ile njaa ya zamani ya Ugogo,
kwa zeze na marimba.

Nyemo akalitazama la tatu, akageuza uso.
"Njaa naijua. Siwezi kuilipia."
Mimi nilikuwa naitaka hiyohiyo.
Bibi yangu alizaliwa katikati yake
na hakuwahi kuisimulia;
kila ukimwuliza, alichukua ufagio.

Kijana wa tiketi, Chilongani kwa jina,
kitabu cha risiti, kaboni, kalamu iliyofungwa uzi:
"Mbele elfu kumi. Nyuma elfu tano. Mkekani elfu mbili,
ila mkekani mtarushiwa mate ya waigizaji."
Tulikuwa na elfu kumi na tatu kwenye simu,
na nauli, ambayo haiguswi.
Tukabishana. Nyuma yetu foleni ikaanza kukohoa.
"Dada, hununui ng'ombe!" mtu akapaza sauti.
Nikatuma hela. Mtandao ukazunguka, ukazunguka,
ukaniambia nijaribu tena baadaye.
Baadaye yetu ilikuwa saa moja na nusu.

Hela ilipopita, Chilongani akahesabu vishina.
"Ya friji imebaki moja. Ya njaa nayo moja."
"Na ya mfalme?"
"Wafalme wapo tele."

Tukaachana pale kwenye taa za barabarani,
kila mmoja na kikaratasi chake.

Sitaeleza yote niliyoyaona.
Palikuwa na mwanamke, kiti cha tatu kutoka kwangu
wakamcheka mwanzoni, kwa sababu alikuwa anapepeta ungo mtupu.
Akapepeta. Akapuliza makapi yasiyokuwepo.
Akachambua jiwe ambalo halikuwepo, akalitupa mbali,
akaendelea, kwa uangalifu uleule wa siku ya mavuno.
Kicheko kikafa chenyewe.
Nikaukumbuka ule ufagio.

Usiku, gesti ya Chang'ombe, ukuta wa plaiwudi.
Nyemo akapanda kitandani na kitenge kichwani,
akawa mama mkwe, akawa friji,
akawa fundi anayeogopa vyote viwili.
Nilicheka mpaka nikashika mbavu kwa mikono miwili.
"Haya, zamu yako. Nionyeshe hiyo njaa yako."
Nikachukua sinia ya chai, nikamwaga makombo,
nikapepeta.
Sikusema neno. Sijui nilipepeta muda gani.
Nyemo, ambaye hakutaka kuilipia,
akakinga kiganja chini ya sinia
kama anayepokea unga.

Ndipo ukuta ukazungumza, sauti ya mwanamume, taratibu:
"Samahani, dada zangu. Huko kumekuwa kimya.
Yule mama mkwe yuko wapi?"

Tukatazamana.
"Huo ulikuwa mchezo mwingine," Nyemo akajibu,
"na huu nao una kiingilio. Elfu mbili, baba. Mkekani."

Kimya. Kitanda cha jirani kikalia.
Kisha, chini ya mlango wetu,
noti iliyokunjwa mara nne.

Nyemo akaiokota, akaichungulia kwenye taa
kama mhasibu.
Nikainua sinia, nikaanza upya,
safari hii kwa sauti.