Usinunue Rangi

Boliviano elfu mbili na mia moja ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiatu,
na mguu wangu juu yake tangu alfajiri,
Alhamisi, siku ya soko huku El Alto,
baridi bado imeng'ang'ania bati za vibanda.
Mkononi nina risiti ya gesi. Nyuma yake
mpwa wangu Yhoselin ameandika:
kumbukumbu kumi na sita, chini ya hapo usiguse.
Diski ya kasi, si ile inayozunguka ikikoroma.
Kichakataji si lazima kiwe cha jana, ila kisiwe cha enzi za babu.
Na kwa wino mwekundu, mstari wa mwisho:
Shangazi, usinunue rangi.

Mimi ni fundi wa mashine za kufumia sweta.
Nafundisha kwa Kiaimara, kwa video,
namna ya kunyoosha sindano iliyopinda,
namna ya kukibembeleza kigari kilichokwama katikati ya safu.
Simu yangu inarekodi vizuri tu,
lakini ukiiambia kata hapa, unga pale,
inapata moto kama kiazi cha jivuni,
kisha inazima,
na kazi ya usiku mzima imekwenda na maji.

Nicanor alinionyesha kwanza ile nyembamba,
ya rangi ya fedha, ukiishika unaona aibu ya vidole vyako.
"Watu wa filamu wanatumia hizi."
Sikubishana naye.
Sikutaka pia kuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Nikatoa kadi yangu: fungua hii.
Dakika kumi na moja. Weka na sauti. Kata. Rudisha nyuma.
Mkono wangu ukatokea kwenye skrini,
ukashika koleo, ukaikaribia sindano,
ukaganda.
Tukausubiri, mimi, Nicanor, na mzee aliyekuja kutafuta redio,
mkono wangu mwenyewe, unaning'inia hewani
kama wa mtu aliyesahau alichotaka kusema.
"Leo mtandao uko chini," akasema Nicanor.
Video iko kwenye kadi, ndugu yangu.

Chini ya meza, nyuma ya lundo la nyaya,
palikuwa na sanduku jeusi
lenye namba ya ofisi ya mgodi uliofungwa,
kona moja imebonyea,
halina betri, halina umbo, halina haya.
Nikasema: hilo.
Akacheka. "Hilo lina miaka saba, mama. Na ni zito."
Likawashwa.
Mkono ukashika koleo, ukanyoosha sindano,
ukarudishwa, ukainyoosha tena,
nikaukata pale nilipopiga chafya,
nikaunga,
na kiungo hakikuonekana.

Ila feni! Lo, feni!
"Ni huu mwinuko," Nicanor akasema, safari hii bila kuuza kitu,
"hewa ya huku ni nyepesi mno, haipozi."
Nikapiga hesabu nikiwa nimechuchumaa:
sauti nitairekodi kwanza, sanduku likiwa limezimwa,
kuhariri baadaye, lingurume litakavyo.
Elfu moja na mia saba, pamoja na skrini iliyochubuka
na kibodi ambayo herufi A imefutika kwa kubonyezwa.
Nikavua kiatu mbele za watu.
Noti zilikuwa na joto. Alizihesabu kwa ncha za vidole.
Iliyobaki nikanunulia maikrofoni yenye manyoya.

Skrini, Yhoselin ataifuata jioni.
Sanduku nililifunga mgongoni kwa mbeleko,
nikapanda gari la waya kuelekea nyumbani.
Bibi mmoja akanyoosha shingo amwone mtoto.
"Ana umri gani?"
"Saba."
Akanitazama mgongo, akanitazama magoti.
"Na bado unambeba."

Usiku ule, kwa furaha, nilisahau kulizima.
Somo la sindano likaenda hivyohivyo, na ngurumo yake.
Asubuhi mfumaji mmoja wa Oruro alikuwa ameniandikia:
Nimeelewa, imenyooka, asante.
Lakini dada, mvua ya kwenu
haikatiki?